Anasikia, Hasikiki

Mwongoza ndege mzoefu huijua maiki iliyokufa kabla rubani mwenyewe hajaijua. Taa ya mapokezi inawaka, spika inaacha kukoroma, kinaingia kitu kama pumzi ya mtu aliyesimama mlangoni, kisha hakuna neno. Sekunde tatu, nne, taa inazimika. Kule juu mtu amebonyeza kitufe, amejitambulisha, ametaja urefu alio nao na kiwanja anachoelekea, ameachia kitufe na sasa anasubiri jibu. Redio yake imetimiza wajibu wote: imetoa wimbi, wimbi limesafiri, limefika. Limefika mikono mitupu.

Hapo mnara huanza maswali ya ndiyo na hapana. Kama unanisikia, bonyeza mara moja. Waingereza wamelifanya jambo hili kuwa utaratibu kamili: kubonyeza mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana, mara tatu ni "rudia", mara nne ni kuomba kuelekezwa nyumbani. Pasipo utaratibu huo, rubani huambiwa atikise mabawa, au huwashiwa taa kutoka mnarani: kijani isiyopepesa, tua; nyekundu isiyopepesa, wapishe wengine uendelee kuzunguka; nyekundu inayopepesa, kiwanja si salama, usitue. Mwenye transponda huingiza namba 7600, na aliye kwenye rada anaelewa kwamba ndege hii imepoteza mawasiliano. Njia za kumwokoa bubu zipo, tena za siku nyingi. Tatizo ni kwamba karibu zote zinahitaji mtu wa upande wa pili anayekusubiri.

Viwanja vingi vya hifadhini, kuanzia Serengeti hadi Maasai Mara, havina mnara. Kuna ukanda wa murram, mfuko wa upepo, na gari la kambi lililoegeshwa chini ya mgunga likisubiri wageni. Marubani wa ndege ndogo za Caravan zinazotoka Arusha, Wilson jijini Nairobi au Zanzibar hutangaziana wenyewe kwa wenyewe kwenye masafa ya pamoja: niko maili kumi kaskazini, nashuka, niko mwanzo wa ukanda, naondoka. Hayo ni matangazo zaidi kuliko mazungumzo, na mara nyingi hakuna anayejibu kwa sababu hakuna la kujibu. Basi rubani aliyefiwa na maiki anawasikia wenzake vizuri kabisa, anatangaza kama ilivyo ada, na kimya chao anakichukua kuwa ni ridhaa. Hakuna wa kumwambia kwamba hewani hayupo. Injini ikikohoa utaisikia, tairi likipasuka utalihisi makalioni. Maiki ikifa, wa mwisho kupata habari ni mwenyewe.

Atasema mtu: lakini rubani hujisikia masikioni anapozungumza. Ni kweli, na mtego uko hapo hapo. Sauti ile huenda inatoka kwenye intakomu, kile kisanduku kinachounganisha hedseti zote za humo ndani, na redioni haijafika kabisa. Maiki nzima, kitufe kibovu: anajisikia, abiria wa kiti cha mbele anamsikia, dunia haimsikii. Kuna hali ya pili, ya kuzungumza ukahisi masikio yamekuwa makavu, sauti yako inakufikia kwa mifupa ya fuvu tu kama mtu aliyeziba masikio kwa vidole. Hiyo ndiyo dalili ya maiki. Rubani anayezitofautisha hali hizi mbili amekwisha kumpunguzia fundi nusu ya kazi.

Wengi hawazitofautishi. Ndiyo maana mjadala wa kutengeneza au kununua mpya, ambao marubani huuendesha kama mjadala wa bei, mimi huuona umeanzia pasipo pake. Kabla ya kuuliza ni shilingi ngapi, inafaa kuuliza ni wapi. Kati ya mdomo wa rubani na redio kuna sponji, kidonge cha maiki, mkono unaokishika, nyaya zinazopita ndani ya kombe la sikio, kebo ya mita moja na nusu hivi, plagi, soketi ya dashibodini, nyaya za nyuma yake, intakomu, na kitufe cha kwenye usukani. Katika msururu wote huo, kidonge ndicho kinacholaumiwa mara nyingi na ndicho kinachokosea mara chache. Kimetulia, hakikunjwi, hakikanyagwi. Kebo hukanyagwa, hubanwa na mlango, huvutwa na abiria anayeshuka hedseti ikiwa bado kichwani. Plagi huchomekwa na kuchomolewa kila siku ya Mungu.

Kujua ni wapi hakuhitaji hata bisibisi. Hamisha plagi zako kwenye soketi za kiti cha kulia. Ukisikika, hedseti haina kosa, upande wa kushoto wa ndege ndio wenye kesi. Usiposikika, chukua hedseti ya abiria uichomeke kwako. Ikisikika hiyo, mgonjwa ni ya kwako. Dakika mbili zimekwisha. Rafiki yangu mmoja aliyepuuza dakika hizo mbili aliagiza maiki kutoka nje, akangoja wiki tano, akaifunga kwa mikono yake, akabaki bubu vilevile. Nati inayoshika soketi dashibodini ilikuwa imelegea. Soketi ikawa inazunguka kila plagi inapoingia, na nyaya za nyuma zikasokotwa kidogo kidogo mpaka mmoja ukaachia. Maiki ya zamani, nzima kama siku iliyotoka kiwandani, ilikuwa imeshatupwa.

Plagi zenyewe zinastahili kuangaliwa kwa karibu, maana zina siri kidogo. Ndege ndogo za kiraia hutumia mbili kwa kila hedseti, na unene wake hautofautiani kwa bahati mbaya. Ya kusikilizia, inayoitwa PJ-055, ina milimita 6.3, unene wa plagi ya gitaa. Ya kusemea, PJ-068, ni nyembamba zaidi, milimita 5.2 hivi, ili mtu asizikosee gizani. (Helikopta zina yake: plagi moja fupi nene inayobeba vyote viwili.) Ile ya kusemea imegawanyika sehemu tatu kwa vipande vyeusi vya kuzuia umeme: ncha, pete na shina. Pete hubeba sauti. Shina ni njia ya kurudi. Ncha ni ya kitufe, na ikigusana na shina tu, redio inaanza kurusha.

Jambo hili la ncha ndilo linaloifanya hitilafu ya waya mmoja iwe na sura mbili. Uzi wa pete ukikatika, unakuwa bubu. Lakini kwenye zile nyaya za kitufe cha kufunga usukanini kwa utepe wa kunatanisha, ambacho huingia katikati ya plagi na soketi, nyuzi mbili zikichubuka na kukumbatiana, redio hurusha bila kukoma. Hapo haimdhuru rubani peke yake: kila aliye kwenye masafa hayo amezibwa mdomo, anasikia muungurumo wa injini ya mtu asiyemjua, na pengine maongezi ya humo ndani kuhusu chakula cha mchana. Bubu ana nafuu. Huyu hajui kuwa anasema.

Pwani ni adui wa plagi. Hewa ya chumvi ya Zanzibar, Mafia au Lamu, ikikutana na jasho la viganja, huiacha shaba ikiwa na rangi ya chai iliyolala. Maiki huanza kukatikakatika, ikipigwa kidole inarudi, kesho inapotea tena. Kitambaa safi chenye spiriti hutibu mengi ya haya. Msasa, ambao mkono wa fundi mwenye haraka huukimbilia, hung'oa ngozi ya juu ya madini, na baada ya hapo plagi huchakaa upesi kuliko mwanzo. Nimeona hedseti iliyotangazwa kuuzwa kwa bei ya kutupa, "maiki mbovu", ikafufuka kwa kufutwa na leso.

Tuseme basi tumekwisha kuhakikisha: soketi nzima, plagi safi, na hedseti ni bubu kila inapokwenda. Siku moja nilikaa kando ya meza ya fundi wa mitambo ya mawasiliano, kwenye kona ya karakana iliyonuka petroli na rangi, nikamtazama akitafuta pa kukata. Aliweka mita kwenye mlio, ncha moja kwenye pete ya plagi, nyingine kwenye waya ndani ya kombe la sikio alilolifungua. Mita ikalia. Akaikunja kebo polepole kuanzia kwenye plagi, sentimita kwa sentimita, kama mtu anayepapasa mgongo wa mtoto kutafuta panapouma. Ilipofika pale kebo inapoingia kwenye kombe, chini ya ule mpira unaoizuia isivunjike, mlio ukanyamaza. Akanyoosha, ukarudi. Akakunja, ukanyamaza. "Hapa," akasema, akakata bila kuangalia mara ya pili.

Kilichofuata ndicho kinachowashinda mafundi wengi wa redio za nyumbani. Ndani ya ngozi ya plastiki hamkuwa na waya wa shaba kama wa taa. Mlikuwa na uzi, uzi kabisa wa kushonea, uliozungushiwa utepe wa shaba mwembamba kuliko karatasi ya sigara. Kamba za simu za mezani zilitengenezwa hivyohivyo, kwa sababu utepe huo hustahimili kukunjwa mara maelfu pale ambapo waya wa kawaida ungekwisha kukatika. Tatizo lake ni kwamba haupendi lehemu. Weka chuma cha moto ukicheleweshe kidogo, uzi unaungua, utepe unakosa mhimili, na unabaki na vumbi. Fundi yule alichomoa unywele mmoja wa shaba kutoka kwenye waya mwingine, akauzungusha juu ya utepe mara sita au saba, akagusisha chuma kwa muda wa kuhesabu moja, mbili. Akapuliza. Akavuta kidogo. Imeshika. Kebo ilipungua sentimita nne, na rubani akapata sauti yake kwa bei ya soda na nauli ya bodaboda.

Kwa matengenezo ya namna hii sioni hoja yoyote ya kununua mpya. Njia ikikatika, unga njia. Shaka yangu inaanza pale fundi anapofika kwenye kidonge chenyewe, anapokiona kidogo kama kifungo cha shati, anapokumbuka kuwa ndani ya simu mbovu droo yake imejaa vidonge vinavyofanana na hicho, na kimoja thamani yake haifiki bei ya vocha.

Kufanana huko ni kwa sura, na sababu ya tofauti ni hadithi ya karne na nusu. Maiki za kwanza zilizofaa kwa simu, zilizobuniwa miaka ya 1870 katika ushindani wa akina Edison, Berliner na Hughes, zilikuwa za mkaa. Chembe za kaboni hubanwa na kuachiwa na sauti. Zikibanwa umeme hupita kwa urahisi, zikiachiwa hupita kwa shida. Maiki ya mkaa haizalishi umeme wowote, hivyo lazima redio iupeleke. Redio za ndege zikaundwa zikiupeleka, na maiki za mkaa zikatawala viti vya marubani kwa miongo kadhaa. Zilikuwa na sauti kubwa, ngumu kuua, na zenye ugonjwa mmoja: chembe zilishikamana kwa unyevu na mtikisiko, na dawa yake ilikuwa kuigonga maiki kwenye goti. Wazee wa kazi bado wanagonga maiki isiyo na chembe hata moja ndani yake. Mazoea yana tabu.

Kisha mwaka 1962, katika maabara za Bell huko Marekani, Gerhard Sessler na James West walitengeneza maiki ya elektreti: utando mwembamba wa plastiki uliotiwa chaji ya umeme ya kudumu. Ni nafuu, nyepesi na safi ya sauti, ikaenea kwenye simu na kompyuta, na leo iko kwenye hedseti nyingi za ndege. Ila ndege zilikuwa zimekwisha kujengwa kwa ajili ya mkaa. Hakuna aliyekuwa tayari kubadilisha redio za ndege zote duniani kwa ajili ya kifungo. Basi watengenezaji wakaichukua elektreti, wakaweka kikuza sauti kidogo pamoja nayo, wakaifundisha kuigiza mkaa: inakula ule umeme unaoletwa na redio, kwa kawaida volti 8 hadi 16, na inarudisha sauti yenye nguvu ambayo redio iliizoea tangu enzi hizo. Kila rubani wa Cessna anazungumza kwa maiki ya kisasa inayojifanya ya kale.

Ukiijua historia hiyo, makosa matatu ya sokoni yanajieleza yenyewe. Kidonge kitupu cha simu, kikiunganishwa bila kikuza sauti chake, hutoa mnong'ono. Hedseti ya kompyuta hata ikivalishwa plagi za ndege hainyanyui sauti. Na zile hedseti za mtumba wa jeshi, ngumu na za bei nzuri, mara nyingi zina maiki isiyo na kikuza sauti ndani, kwa kuwa kwenye ndege za kijeshi kazi hiyo hufanywa na mitambo ya ndege yenyewe. Mtu ananunua, anachomeka, mnara unasema hausomeki, anaamua maiki ni mbovu. Maiki ni nzima. Imeajiriwa kwenye nyumba ambayo haijui lugha yake.

Hayo ni ya umeme, na fundi mwerevu huyavuka. Lisilovukika kirahisi ni la hewa. Ndani ya ndege ndogo ya injini ya pistoni kelele hufika desibeli 90 na ushei, na maiki ya simu ingezikusanya zote. Maiki ya rubani ina matundu pande mbili. Muungurumo wa injini, unaotoka mbali, hufika mbele na nyuma ya utando karibu kwa nguvu ileile, na pande hizo mbili hushindana mpaka utando hautikisiki sana. Sauti ya mdomo ulio karibu hupiga upande mmoja kwa nguvu zaidi ya mwingine, basi hiyo ndiyo inayopita. Hakuna kompyuta hapo. Ni ukaribu tu. Ndiyo maana wakufunzi husisitiza maiki iwe karibu kugusa mdomo, milimita 3 hadi 6, na ndiyo maana nyingine zina alama ya upande wa kusemea, kwa kuwa mtu akihamisha mkono kutoka kushoto kwenda kulia bila kuigeuza, anaweza kuwa anaisemea mgongoni.

Sasa mtazame fundi aliyepachika kidonge cha simu na akafanikiwa hata kwenye kikuza sauti. Amekigandisha kwa gundi ya moto. Gundi imeziba tundu la nyuma. Anaijaribu mezani: sauti inatoka kubwa, safi, pengine nzuri kuliko ya kiwandani. Rubani anashukuru, analipa, anaondoka. Kesho yake injini inawaka, na mnara unasikia bahari. Hitilafu ambayo karakana yenye utulivu haiwezi kuionyesha ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu imepewa cheti cha kupona.

Kwa hiyo hukumu yangu hapa ni kali kidogo: waya utengenezwe, kidonge kibadilishwe, na kibadilishwe kizima pamoja na nyumba yake na kikuza sauti chake, kiwe kimetengenezwa kwa ajili ya ndege. Na hata hicho kipya kina masharti. Joto la chuma cha lehemu likikaa sana huiharibu elektreti, hivyo mguso uwe mfupi. Sponji la mdomoni nalo libadilishwe palepale; lile la zamani limekunywa mate ya miaka, na mate ni chumvi na maji vilivyopata njia ya mkato. Kwenye vyuo vya urubani ambako hedseti moja huvaliwa na vichwa kumi kwa wiki, mimi ningebadilisha sponji kabla ya kuuliza chochote. Halafu kuna kile kiskrubu kidogo kilichojificha mgongoni mwa baadhi ya maiki, cha kuongeza na kupunguza nguvu ya sauti. Mtu mmoja hukizungusha kwa udadisi, na mwingine hununua maiki mpya.

Kuhusu kubadilisha hedseti nzima, aina ndiyo inayoamua. Zile za kijani za David Clark ya Worcester, Massachusetts, zimekuwa kwenye vichwa vya marubani tangu miaka ya 1970, na sehemu zake karibu zote, maiki ikiwemo, huuzwa moja moja. Ni kampuni yenye nasaba ya kuchekesha: ilianza na nguo za ndani, ikapanda hadi kushona suti za wanaanga wa mradi wa Gemini wa Marekani, na ilipofika kwenye hedseti ilizitengeneza kama mtu anayejua kuwa kitu cha kuvaliwa kitachanika siku moja. Hedseti ya namna hiyo ikiwa mpya huuzwa Marekani kwa dola mia kadhaa, na ikitunzwa humzika mwenyewe. Kwa upande wa pili kuna zile zenye mitambo ya kufuta kelele masikioni, ambazo kampuni ya Bose ilianza kuwauzia marubani mwaka 1989. Za leo za hali ya juu hupita dola 1,000. Ni raha masikioni, sibishi. Lakini maiki yake mara nyingi huja imeshonwa pamoja na kebo na saketi, hivyo uzi mmoja ukikatika unabadilisha kipande kizima au unairudisha kiwandani. Kwa rubani wa Chicago hilo ni kifurushi cha siku tatu. Kwa wa Dodoma au Kigoma ni kumtafuta mtu anayesafiri, kumwomba nafasi kwenye begi, na kumwombea asikwame forodhani. Nikiulizwa ya kununua huku kwetu, huuliza kwanza nani ataifungua siku ikinyamaza.

Sheria nayo ina neno, ingawa si refu. Kwa rubani wa ndege binafsi, hedseti kwa kawaida ni mali yake kama miwani yake. Kwenye ndege za biashara mambo hubadilika. Kiambatisho cha 6 cha Mkataba wa Chicago wa usafiri wa anga wa kimataifa kinataka marubani wawasiliane kwa maiki iliyo kwenye mkono wa hedseti, ile inayokaa mbele ya mdomo, au ya kooni, ndege inapokuwa chini ya urefu fulani wa mpito. Marekani kwa mashirika yake imeutaja urefu huo kuwa futi 18,000. Sababu ya kwanza iko wazi: wakati wa kupaa na kutua mikono ina kazi nyingine. Ya pili hutajwa kidogo. Maiki hiyo hupeleka sauti pia kwenye kinasa sauti cha chumba cha marubani, na wachunguzi wa ajali wamejua kwa miaka mingi kwamba neno lililopita mdomoni moja kwa moja husomeka pale ambapo maiki ya darini imesikia kelele tu. Kwa ndege ya abiria, basi, maiki iliyokufa inampunguzia mtu ushahidi wake wa mwisho.

Lakini hata kanuni hizo hazijaiua ile maiki ya kushika, inayoning'inia kwenye ndoano chini ya dashibodi ya Cessna nyingi kuukuu. Iliwahi kuwa mfalme. Hedseti za zamani zilikuwa nzito kiasi kwamba marubani wa mashirika walipendelea kushika maiki mkononi, na kero hiyo ndiyo iliyowasukuma marubani wawili wa California kuunda hedseti nyepesi na kuanzisha kampuni ya Plantronics mwaka 1961. Miaka minane baadaye maneno ya Neil Armstrong kutoka mwezini yalipita kwenye maiki yao. Maiki ya mkononi ikabaki kuning'inia na vumbi lake. Huingia kwenye soketi ya PJ-068 ileile, ina kitufe chake yenyewe, haihitaji usukani wala intakomu. Rubani aliyejikuta bubu angani anachomoa ya hedseti, anachomeka hiyo, na habari ya kutengeneza inasubiri ardhini. Ajabu ni idadi ya ndege ambazo ndoano ipo na maiki haipo, imeondolewa kwa kuwa ilikuwa inagonga goti.

Fundi yule wa sentimita nne hakumkabidhi mtu hedseti mezani. Alimpa rubani aivae, akamwambia aende mwisho wa maegesho, awashe, apandishe injini hadi mizunguko 1,700 kwa dakika, kisha ahesabu moja hadi tano na kurudi. Yeye alisimama mlangoni mwa karakana na redio ya mkononi. Hewani usikivu hupimwa kwa namba: 1 haisomeki, 3 yasomeka kwa taabu, 5 safi. Hesabu ilikuja ikiwa imezama kwenye muungurumo.

"Tatu," fundi akajibu redioni, akaanza kutembea. Alizunguka mbali na rafadha, akapita nyuma ya bawa, akafungua mlango upepo ukiwa unampiga shati, akanyoosha kidole kimoja akausogeza mkono wa maiki hadi sponji likagusa mdomo wa rubani. Akafunga mlango, akarudi alikotoka bila haraka. Hesabu ikaanza upya, moja, mbili, na safari hii hata pumzi ya katikati ilisikika.

"Tano," akasema, akazima redio kuokoa betri.